Kutoka kigae hadi jora: mwongozo kamili kwa kijana anayeanza kuchora ruwaza za vitambaa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ruwaza ya kitambaa huhukumiwa mezani pa fundi. Ataikunja, atalinganisha mkono wa kushoto na wa kulia, halafu ataingiza mkasi. Kama maua yote yanatazama upande mmoja, atakudai nusu mita ya ziada. Kama ungio la kigae, yaani kipande cha mchoro kinachorudiwa, linaonekana, mteja ataliona kabla hata hajavaa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kitambaa na kurudi kwenye kalamu. Vijana wengi wanaokwama wana mkono mzuri wa kuchora. Shida ni kwamba hawajawahi kupima jora.

Anzia sokoni, na futikamba mkononi

Ukiwa Kisumu, nenda soko la Kibuye asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Ukiwa Busia, nenda kwa wauza vitenge wa mpakani. Salimia, jieleze kwamba unajifunza kuchora vitambaa, kisha omba ufunuliwe vitambaa kadhaa. Ukinunua kipande kimoja, hakuna atakayekununia.

Kwenye kila kitambaa chagua umbo moja ambalo halikupotei: ua lenye petali iliyovunjika, ndege mwenye jicho la njano. Pima kutoka hapo hadi umbo lile lile linapotokea tena, kwanza ukienda kulia, kisha ukishuka chini. Vipimo hivyo viwili ndivyo vya kigae, yaani kipande kidogo kabisa ambacho kikirudiwa kinajaza jora zima. Andika pia upana wa kitambaa. Kitenge cha kawaida kina inchi 45 hivi na huuzwa kwa kipande cha yadi 6.

Kisha tambua mpangilio. Iko mitatu utakayokutana nayo kila siku:

- Mraba: kila kigae kiko sambamba na jirani yake, juu, chini na kando.
- Matofali: kila mstari wa kulala umesogezwa nusu kigae kuelekea kando.
- Kushusha nusu: kila safu ya kusimama imeshushwa nusu kigae kuliko jirani yake.

Huu wa tatu ndio unaopendwa zaidi kwenye nguo, kwa sababu jicho halipati mstari ulionyooka wa kuufuata. Pima vitambaa kumi na utaanza kuiona mipangilio hii hata kwenye mapazia ya matatu.

Leso ni jambo lingine. Ina pindo kuzunguka pande zote, mji (mchoro mkuu) katikati, na jina (maneno yaliyoandikwa) chini ya mji. Kila leso, yenye takriban sentimita 150 kwa 110, ni picha kamili yenye mwanzo na mwisho. Usianze na leso. Kuchora pindo linalogeuka vizuri kwenye pembe nne ni ufundi wa mwaka wa pili.

Vifaa

Huhitaji vingi. Penseli ya 2B, kalamu nyeusi isiyochuja maji, karatasi nyeupe za A4, rula ya chuma, mkasi, selotepu, na simu yenye kamera safi. Kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha. Programu za bure zinafanya kazi yote iliyoelezwa hapa: GIMP kwa picha, Krita kwa kuchora, Inkscape kwa maumbo yenye kingo kali. Kama huna kompyuta, fanya hatua ya karatasi nyumbani, na ya programu kwenye saiba inayokubali kuweka GIMP. Usinunue bamba la kuchorea la kidijitali mwezi wa kwanza.

Unachochora

Ukiwa Kisumu utashawishika kuchora samaki, na ukiwa Nakuru utashawishika kuchora heroe. Kila mtu amewachora. Chora badala yake kile ambacho mgeni hakitambui haraka: shina la mafunjo likiwa limekatwa, ambalo lina pembe tatu, jinsi jani la gugumaji linavyovimba kwenye kikonyo, mafundo ya wavu, omena walivyolala ovyo wakianikwa ufukweni Dunga, Kisumu, michirizi kwenye shingo ya nyungu. Ukiwa Kakamega, msitu una majani ya kukutosha miaka.

Chora kila kitu kikiwa mbele yako, mara nyingi, kwa ukubwa tofauti. Lengo ni maumbo 12 hadi 15 ya mada moja: makubwa matatu, ya kati matano, na yaliyobaki madogo ya kujazia. Ukiwa na maumbo makubwa pekee, nafasi kati yake haziwezi kuzibwa na ruwaza itakuwa na matundu.

Usifuatilie kwa kalamu mchoro wa mtu uliouona mtandaoni. Kubadilisha rangi za kitenge kilichopo hakukifanyi kuwa chako.

Kigae cha kwanza, kwa karatasi

Fanya hivi hata kama una kompyuta nzuri, maana mikono huelewa mambo ambayo programu huyaficha.

1. Kata karatasi ya mraba, sentimita 20 kwa 20. Nyuma yake andika 1 hadi 4 kwenye pembe nne.
2. Chora maumbo katikati ya karatasi. Yasiguse ukingo wowote. Acha kama sentimita 3 kila upande.
3. Kata karatasi katikati kwa kusimama. Badilisha nafasi: kipande cha kushoto kiende kulia, cha kulia kije kushoto. Unganisha kwa selotepu nyuma.
4. Sasa kata katikati kwa kulala. Cha juu kiende chini, cha chini kije juu. Unganisha.
5. Kingo zako za zamani sasa ziko katikati, na kuna msalaba mtupu. Jaza msalaba huo, na uruhusu maumbo yavuke maungio. Kingo mpya za nje usiziguse kabisa.
6. Toa nakala tisa kwenye mashine ya fotokopi, zipunguzwe hadi asilimia 50, uzipange tatu kwa tatu.

Maungio yakipishana kwa milimita moja au mbili, ni kwa sababu karatasi ilikatwa kombo au selotepu iliivuta. Kata kwa rula ya chuma na wembe, si kwa mkasi, kwenye hatua ya 3 na ya 4.

Ukishapanga nakala tisa, simama hatua nne nyuma na ukodoe macho. Utaona mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni mifereji: nafasi tupu zilizojipanga zikawa mistari inayokimbia kitambaa kizima. Hutokea pale maumbo uliyojazia mwishoni ni madogo kuliko yale ya katikati. Dawa ni kusukuma umbo kubwa moja livuke mfereji. La pili ni umbo moja zito linalodunda kila baada ya kigae, kama doa. Lipunguzie weusi, au lichore tena mahali pengine kwenye kigae hicho hicho likiwa limegeuzwa.

Kuhamishia kwenye kompyuta

Piga picha karatasi ikiwa kivulini nje, saa nne asubuhi hivi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Mwanga wa taa ya nyumbani huleta umanjano upande mmoja, na hautaweza kuusafisha vizuri.

Chagua ukubwa wa kigae kwa kufikiria jora. Inchi 11 ni kipimo kizuri cha kuanzia: vigae vinne vinakupa inchi 44, na kwenye kitambaa cha inchi 45 inabaki nusu inchi kila upande kwa ukingo. Faida yake ni kwamba mshona mapazia akiunganisha mapande mawili, ruwaza inakutana. Kwa picha ya nukta 300 kwa inchi, inchi 11 ni pikseli 3300. Hakikisha daima ni namba kamili, na inagawanyika kwa mbili. Ukiwa na kigae chenye pikseli na nusu, programu itabahatisha, na utaona uzi mweupe mwembamba kwenye kila ungio baada ya kuchapisha.

Sasa mpangilio wa kushusha nusu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua kigae kilichokamilika cha mraba, wanakishusha nusu, na maumbo yaliyokatwa kwenye ukingo wa kulia hayakutani na wenzake. Kigae cha mraba kimefungwa kwa jirani aliye sambamba naye, hivyo hakiwezi kushushwa hivi hivi. Ni lazima kijengwe upya:

1. Fungua turubai ya pikseli 6600 kwa upana na 3300 kwa urefu, yenye tabaka («layer») lililo wazi, lisilo na rangi ya nyuma.
2. Weka maumbo yako kwenye tabaka hilo, yote yawe ndani ya turubai, yakiwa yameachana vya kutosha kuyapokea mengine katikati.
3. Nakili tabaka. Kwenye nakala, tumia amri ya «Offset» ya GIMP (Shift+Ctrl+O), weka 3300 kwa mlalo na 1650 kwa wima, na uchague maumbo yazunguke upande wa pili.
4. Angalia palipogongana. Sogeza umbo kwenye tabaka la kwanza pekee, futa nakala, na urudie hatua ya 3. Usirekebishe nakala, maana ruwaza itavunjika.
5. Ukiridhika, hifadhi faili yenye matabaka, kisha toa PNG iliyounganishwa.

Kwenye Krita, bonyeza W na turubai itajirudia yenyewe pande zote wakati unachora. Hicho ndicho chombo bora cha kujazia matundu.

Jaribio la mwili

Chapisha kigae kwa mapande kwenye karatasi za A4, kwa ukubwa halisi, asilimia 100, bila kukubali mashine ilingane na karatasi. Gundisha karatasi sita, zishike kifuani mbele ya kioo, na mtu akutazame akiwa mita tatu. Ua la inchi 7 linalopendeza kwenye skrini hukaa vibaya likiangukia titi moja. Kwa nguo za watu wazima, maumbo makubwa ya inchi 2 hadi 4 hayana tabu. Za watoto, gawanya kwa mbili. Mapazia na makochi hubeba makubwa zaidi.

Mwelekeo ndio unaogharimu pesa. Omena wote wakitazama juu, fundi hawezi kugeuza kiolezo chake ili mapande yabanane. Kila kipande lazima kisimame. Wachanganye: wengine juu, wengine chini, wengine mshazari. Mpelekee fundi cherehani karatasi zako na umwombe aweke juu yake violezo vya blauzi. Swali la kumuuliza ni moja tu: utahitaji mita ngapi?

Rangi

Kwenye uchapishaji wa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliovutwa kwenye fremu, kila rangi ni fremu yake, gharama yake na nafasi yake ya kukosea. Anza na rangi mbili juu ya kitambaa kilicho tayari na rangi. Usijaribu kuchapa rangi inayofunika kitambaa chote, kwani maungio ya fremu yataonekana kama gridi.

Rangi mbili zikikutana, ile nyeusi zaidi iingie juu ya ile nyepesi kwa milimita 1. Bila hivyo, kitambaa kikivutika kidogo utaona mstari mweupe kati yake. Nyepesi huchapwa kwanza.

Tengeneza kila ruwaza katika matoleo matatu ya rangi. Mama anayekataa kijani anaweza kuchukua ile ile kwa zambarau, na hujachora tena.

Kuchapa mwenyewe: muhuri kwanza

Njia ya bei nafuu zaidi ni muhuri. Chukua soli ya kandambili kuukuu, chora umbo kwa kalamu (kumbuka litatokea limegeuka), kata kwa wembe kina cha milimita 4, na uigundishe kwenye kibao cha plaiwudi. Paka wino kwa sponji, usichovye. Ukichovya, wino hujaa kwenye mifereji na umbo linatoka limevimba.

Kitambaa cha kujifunzia ni amerikani, pamba isiyotiwa rangi. Kifue kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu kina wanga wa kiwandani unaozuia wino kuingia, na pia kitapungua. Afadhali kipungue kabla hujachapa kuliko baada.

Kuchapa kwa skrini

Tafuta fremu ya mbao ngumu yenye nafasi ya ndani ya inchi 17 kwa 20, ili kigae cha inchi 11 kibaki na nafasi ya wino pande zote. Wavu uwe wa 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Wavu wenye nyuzi nyingi zaidi ni wa karatasi, na kwenye pamba wino hautapita vya kutosha. Uvutwe hadi ulie kama ngoma ukiupiga kidole. Uliolegea hufanya rangi ya pili isikae mahali pake.

Paka dawa ya picha, inayoganda ikipigwa na mwanga, kwenye chumba chenye giza, tabaka jembamba pande zote mbili, na uache ikauke ikiwa imelala. Weka juu yake filamu yenye mchoro mweusi tititi, kandamiza kwa kioo, na uangazie. Muda unategemea dawa na mwanga, kwa hiyo fanya kipimo: funika mchoro kwa kadi na uisogeze kidogo kila sekunde 30, kisha osha. Sehemu ambayo mistari myembamba imefunguka na dawa haijateleza ndiyo muda wako. Jua la mchana Kisumu ni kali mno, na mara nyingi huunguza mistari myembamba. Taa hutabirika zaidi.

Wino uwe wa maji, wa vitambaa. Kwenye gramu 100 za gundi ya wino, weka gramu 2 hadi 5 za rangi. Watu huongeza rangi wakitaka iwe kali, na ndiyo sababu kubwa ya nguo kuchuja: gundi haitoshi kuishika rangi yote, na inayobaki juu hutoka kwenye maji ya kwanza.

Meza iwe na blanketi chini na shuka la pamba juu. Bana kitambaa kwa pini, chora alama za chaki kila inchi 11. Chapa nafasi ya 1, 3 na 5, subiri zikauke, kisha 2 na 4. Ukichapa mfululizo, mgongo wa fremu utakanyaga wino mbichi na kuacha vivuli. Vuta wino mara mbili kwa mkazo ule ule. Chapa mapema asubuhi. Kufikia saa sita wino hukaukia ndani ya wavu na mistari inaanza kukatika. Chupa ya kupulizia maji iwe karibu.

Wino ukikauka kabisa, piga pasi kavu, bila mvuke, karatasi ikiwa katikati: nyuzijoto 150 za Selsiasi hivi, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, au kama mtengenezaji alivyoandika kwenye mkebe. Baada ya siku tatu kata kipande, kifue kwa maji moto, na ukisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kama cheupe kimebeba rangi, usiuze.

Ukimpa mtu mwingine akuchapie

Maduka mengi ya Kisumu na Nakuru yanayochapa fulana na vikombe hutumia sablimesheni, ambapo rangi hugeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye poliesta. Kwenye pamba haishiki, na hakuna wino mweupe, hivyo kitambaa lazima kiwe cheupe tangu mwanzo. Anayekuambia itashika kwenye pamba, mwombe akufulie mbele yako.

Kabla ya kuagiza mita hata moja, chapisha chati ya rangi 20 kwenye kitambaa kile kile, kila rangi na namba yake. Bluu ya skrini mara nyingi hutoka zambarau. Kuanzia hapo chagua rangi kwenye chati, usiangalie skrini tena.

Viwanda vina kiwango kikubwa cha chini cha oda. Kiwanda cha nguo cha Kicomi cha Kisumu kilikufa zamani. Cha karibu ni Rivatex, Eldoret, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007. Nenda na oda ya kwaya nzima au chama kizima, si ya mita tano.

Bei

Fanya hesabu kwa mita. Kwa bei za mfano tu: kitambaa mita 5 ni 1,250, wino 600, umeme na nauli 300, saa 6 za kuchapa kwa 250 kila saa ni 1,500. Jumla 3,650, sawa na 730 kwa mita. Saa 14 za kuchora ni 3,500 nyingine. Ukizibebesha mita hizo 5, unaongeza 700 kwa kila mita na hakuna atakayenunua. Ukizigawanya kwa mita 50, ni 70, na mita inakuwa 800. Weka faida ya asilimia 30, uuze 1,040. Kwa hiyo chapa ruwaza chache kwa muda mrefu. Kijana mwenye ruwaza 40 zilizochapwa mara moja moja anafanya kazi ya hasara.

Wateja wa kwanza ni walio tayari kununua kwa wingi: sare za harusi, kwaya, vyama vya akina mama, mashuka ya nyumba za wageni. Wapelekee mkusanyiko wa ruwaza tatu zinazoshirikiana rangi, moja kubwa, moja ya kati, moja ndogo tulivu, zikiwa kwenye vitambaa vya kushika. Picha za WhatsApp zifuate baadaye.

Haki na makubaliano

Hakimiliki ya mchoro ni yako tangu unapouchora, na kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake. KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, husajili kazi, na cheti hicho ni ushahidi ukiibiwa. KIPI, taasisi ya miliki ya viwanda ya Kenya, husajili ruwaza kama muundo wa viwandani kwa miaka 5, unaoweza kuongezwa mara mbili hadi 15. Sheria hudai muundo uwe mpya, kwa hiyo waulize kabla hujaurusha mtandaoni.

Kampuni ikitaka ruwaza yako, tofautisha kuuza kabisa na kukodisha. Ukiuza, hutaichapa tena hata kwenye mfuko. Ukikodisha, andika itatumika kwenye bidhaa gani, nchi zipi, miaka mingapi, matoleo gani ya rangi. Pokea nusu ya malipo kabla ya kazi. Nusu iliyobaki ilipwe kabla hujatuma faili yenye matabaka; kabla ya hapo wape picha ndogo ya pikseli 1000 tu.

Unapokabidhi, toa PNG ya kigae, vipimo vyake kwa inchi, aina ya mpangilio, namba za rangi kutoka kwenye chati, na kipande cha kitambaa kilichotiwa saini na pande zote mbili. Kata kipande kingine kama hicho, andika tarehe nyuma, na ukiweke kwenye faili yako mbali na jua.